Maswali ya Wasomaji: Mpanda Farasi na Mwenye Pepeo

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Mjomba wangu marehemu, aliyekuwa baharia, ametuachia karatasi tatu za Kijapani ambazo zikipangwa ubavu kwa ubavu huwa picha moja ya vita: mtu aliye juu ya farasi ameinua upanga, na mwingine aliyeketi anajikinga kwa pepeo. Je, zimechorwa kwa mkono? Na jambo hilo lilitokea kweli? Nakusudia kuzitundika barazani. (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mjomba wako. Kwa maelezo uliyotupa, aliye juu ya farasi yaelekea ni Uesugi Kenshin, hasa ikiwa amejitanda ushungi mweupe wa kitawa, na aliyeketi ni Takeda Shingen. Mabwana hawa walipambana mara tano huko Kawanakajima, na kisa cha pepeo husimuliwa katika pambano la mwaka 1561. Vita vyenyewe vilipiganwa kweli. Lakini habari ya majemadari hao kukutana ana kwa ana, wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Picha za namna hii zilishamiri karne ya 19, mikononi mwa mafundi kama Utagawa Kuniyoshi, aliyefariki mwaka 1861, miaka mia tatu kamili baada ya pambano hilo. Basi zisome kama utenzi wa vita, ambao una ukweli wake, wala si kama ripoti ya aliyekuwapo.

Lipo jambo jingine ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Ukoo wa Tokugawa, uliotawala Japani kuanzia 1603 hadi 1868, ulipiga marufuku kuchapa majina halisi ya wapiganaji wa tangu miaka ya 1570, kwa kuwa habari zao ziliwagusa watawala wenyewe. Mwaka 1804 mchoraji mashuhuri Utamaro alitiwa pingu kwa sababu ya picha za Toyotomi Hideyoshi, jemadari aliyeitawala Japani kabla ya ukoo huo. Ndiyo maana Kuniyoshi alipomchora Hideyoshi alimwandika Mashiba Hisayoshi, na wanunuzi wakamtambua bila ya kuambiwa. Kenshin na Shingen, ambao pambano lao lilitangulia mpaka huo, waliweza kuandikwa kwa majina yao. Kwa hiyo ukimpata wa kukusomea maandishi yaliyomo pembeni, mwombe asome na majina, asitosheke na kutazama sura.

Ama kuhusu kuchorwa kwa mkono, picha za namna hii zilichapwa kwa ubao: mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba, na mchongaji akaibandika kifudifudi kwenye ubao wa mcheri, akachimba huku na huku mpaka mistari ikabaki imeinuka, kama fundi wa milango wa Mji Mkongwe anavyoondoa mbao ili ua lijitokeze. Unywele mmoja wa shujaa ulikuwa ukingo wa mbao mwembamba kama uzi, na patasi ikiteleza mara moja tu umevunjika. Kila rangi kwa kawaida ilikuwa na ubao wake. Mchapaji alilaza karatasi juu yake, kisha akaisugua mgongoni kwa kisugulio cha duara kilichofungwa ganda la mwanzi.

Geuza karatasi zako uzitazame nyuma. Ikiwa rangi zimepenya na michirizi ya kusuguliwa inaonekana, huenda zimechapwa kwa ubao. Lakini ukiziangalia kwa kioo cha kukuzia ukaona vitone vidogo vilivyojipanga, hizo ni nakala za mashine.

Barazani usizitundike, tafadhali. Jua hufifisha rangi hizo, hasa nyekundu na zambarau, na unyevu wa masika huko Pemba huleta ukungu kwenye karatasi. Usizigandishe kwa gundi wala kwa utepe wa plastiki. Zilaze ndani ya jalada la karatasi safi isiyo na tindikali, mahali pakavu penye kivuli, na wageni wakija uwatolee wazione, mikono ikiwa imenawiwa na kukauka.