Jibu: Twitter ilianza lini kufanana na mitandao ya video?

Ndugu yangu, umeuliza ni lini mtandao wa maandishi mafupi kama Twitter ulianza kufanana na mitandao ya video. Kwa maoni yangu, mwanzo ni Oktoba 2012, Twitter iliponunua Vine, programu ya simu ya video fupi, hata kabla haijawafikia watumiaji. Ilipotoka Januari 2013, video yake ilikuwa ya sekunde 6 tu na ilijirudia yenyewe bila kukoma: ukigusa kioo cha simu inarekodi, ukiinua kidole inasimama, hivyo hata asiyejua kuhariri aliweza kuunganisha vipande na kukifanya kikombe kionekane kinatembea mezani. Ufupi huo ulikuwa pacha wa herufi 140, kikomo cha ujumbe mmoja wa Twitter wakati huo, kwa kuwa zote mbili zilimlazimisha mtu aseme jambo moja na kunyamaza.

Juni mwaka huohuo Instagram, iliyokuwa ya picha, ilileta video za sekunde 15. Twitter yenyewe iliruhusu sekunde 30 mwaka 2015, kisha 140 mwaka 2016 (sidhani kama idadi hiyo ilitokea kwa bahati), na kwa kufanya hivyo ikainyang'anya Vine kazi yake. Oktoba 2016 ikatangaza kuifunga.