Usitume hela ya pampu: spea za stelingi ya Massey 165 zitoke trekta moja

Mkuu, hiyo hela isimamishe kwanza. Umesema trekta yako ya Massey 165 ya Muheza imekuja bila pampu ya stelingi (ile inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi), silinda ya kusukuma magurudumu yakate kona haipo, hozi zimekatwa kwa kisu, na fundi amekwambia uagize pampu Dar, "vingine vitafuata". Ukauliza pampu ipi, oili ipi, na kama ubadilishe bushi za mbele humo humo. Hilo neno la "vingine vitafuata" ndilo lililonilaza injini chini hapa Pongwe, kwa trekta kama hiyo hiyo yako.

Muuza spea aliniuliza swali moja tu kwenye simu: Massey gani? Nikamwambia 165. Akasema ipo, mali safi, imetoka Ulaya, unafunga unaondoka. Hakutaka namba ya injini. Hakutaka kujua pampu inazungukia upande gani. Huwezi kumuuzia mtu pampu ya haidroliki bila kuuliza hilo, na mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Pampu ikafika, matundu ya bolti yakakaa, gia ikaingia, fundi akafurahi. Tukawasha, usukani mzito vilevile. Tukampigia, akasema hiyo ni hewa, endeleeni kukata kushoto na kulia itatoka. Tukaendelea. Tangi la pampu kila tukijaza linashuka, ukiinama chini huoni hata tone. Hozi kavu, silinda kavu. Tunajaza tena. Kilichokuja kutushtua ni kijiti cha kupimia oili ya injini: oili imepanda kupita alama ya juu kabisa, nyepesi, ukiisugua kwa vidole haishiki, na ina wekundu wa ile ya stelingi.

Iko hivi. Pampu ya hizi Massey inaendeshwa na gia za taimingi, zile za mbele ya injini, kwa hiyo pua ya shafti yake imo ndani ya injini. Kinachozuia oili ya stelingi isiingie kwenye injini ni sili ya shafti, yaani kile kipete cha mpira, na sili hiyo kazi yake ni kukaa upande wa kuvuta ambako presha ni ndogo. Pampu ya gia ukiizungusha kinyume, kama tulivyofanya sisi, upande wa kuvuta ndio unaogeuka wa kusukuma. Presha yote inaiangukia sili, inaachia, na oili inamwagikia kwenye taimingi mpaka sampu, bakuli la oili chini ya injini. Wewe unasubiri hewa itoke, kumbe unajaza injini. Oili ikishakuwa nyepesi hivyo haiwezi kubeba beringi za krenki, ile shafti kuu ya injini. Kuchonga krenki na kuweka beringi mpya kulinigharimu mara nyingi ya bei ya pampu, na kazi za kulima mahindi Handeni kabla ya masika zikaenda kwa wenye trekta zao nzima. Muuza spea nilipompigia akasema mali ikishafungwa hairudi. Basi.

Na jina 165 peke yake halitoshi. Zimetengenezwa kuanzia 1964 hadi miaka ya sabini; za mwanzo zina injini ya Perkins 4.203, za baadaye 4.212. Ongeza miaka yote ambayo imepita mikononi mwa mafundi wanaochomoa kipande huku wakakipachika kule. Hujui umebaki na nini mpaka usafishe uangalie.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, na nitarudia mpaka nichokwe: spea za stelingi zitoke trekta moja. Tafuta 165 iliyokufa, injini aina moja na yako, mbele yake haijaguswa, ukanunue vyote kwa mkupuo. Pampu na gia yake, tangi, mabomba ya chuma, silinda, braketi, pini, hadi bolti. Vile vidogo ndivyo vitakavyokusumbua, maana huwezi kujua kimepotea kitu ambacho hujawahi kukiona. Pampu kuukuu ya aina yake, hata kama inavuja, utaibadilishia sili itafanya kazi. Mpya ya aina nyingine itakumaliza. Ulizia Korogwe, ulizia huko huko Muheza, pita nyuma ya karakana za mashamba ya mkonge kabla wakataji wa chuma chakavu hawajafika.

Kama fundi bado anang'ang'ania pampu ya peke yake, mwambie afungue bamba lililoziba tundu la pampu, azungushe injini kwa mkono upande wake wa kawaida, aitazame gia ya injini iliyomo ndani inakwenda upande gani. Kisha ashike pampu kama itakavyokaa kwenye tundu, atie oili kidogo, azungushe shafti kinyume na gia hiyo, maana gia mbili zilizoshikana huzunguka kinyume, huku kidole kikiwa kwenye tundu linalotakiwa kwenda kwenye tangi. Tundu hilo likivuta kidole, sawa. Likisukuma, hiyo pampu irudi ilikotoka kabla haijagusa injini.

Oili na bushi tutaongea ukishakuwa na pampu. Leo piga picha kibati cha namba kwenye dashibodi na namba ya injini ubavuni mwa bloku, uziweke hapa. Kuna mtu Korogwe ana mbele nzima ya 165 yenye 4.212, na sitaki umtumie hata nauli kabla hatujalinganisha namba.