Kabla Hamjajipaka Nyusi za Frida

Wadogo zangu mlioanza kujichora mwezi huu, jana nimepita nyuma ya turubai zenu. Tisa kati ya kumi na mbili zina nyusi zilizoungana na maua kichwani. Nawapenda, lakini hapana.

1. Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko mwenye nyusi hizo, alijichora yeye. Mwaka 1932, akiwa Detroit, Marekani, alijisimamisha mpakani mwa nchi hizo mbili: bendera ya Meksiko mkononi, upande mmoja hekalu la kale na mimea yenye mizizi, upande wa pili mabomba ya moshi ya kiwanda cha magari cha Ford na nyaya za umeme. Hilo fuvu la sukari, la sikukuu ya wafu ya Meksiko, uliloliweka pembeni, kwenu lilikaa wapi?

2. Tumieni kioo. Simu inabadili pua.

3. Ngozi. Hapa nitakawia. Baba yangu ni wa Oaxaca, Meksiko, mama wa Mombasa, nimekulia San Diego, Marekani. Nikiwa na miaka 19 nilijichora kwa ajili ya maonyesho ya darasa. Nilianza na amba, ile rangi ya kahawia ya udongo, na oka ya njano, safi kabisa. Kisha kila jioni nikawa naongeza rangi nyeupe ya titaniamu kidogo, eti mwanga ukae vizuri. Pua nayo nikaibana kwa vivuli hadi ikawa nyembamba. Siku ya maonyesho baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini, saruji bado viatuni. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza taratibu, kwa Kihispania, huyu ni nani. Mama akasema, “Mwanangu, babako umemficha wapi?” Sikuwa na jibu. Baba akasema picha nzuri, akatoka kwenda kusimama nje.

Usiku ule niliikwangua kwa kisu cha rangi. Tabaka za juu zilikuwa mbichi bado, zikatoka. Chini yake ikajitokeza pua ya siku ya kwanza, pana, ya baba. Nilikuwa nimeipata sawasawa mwanzoni kabisa.

4. Mtafuteni mchoraji Yolanda López, mzaliwa wa San Diego hapa hapa. Mwaka 1978 alijichora kama Bikira wa Guadalupe, yule Bikira Maria wa Meksiko, anayekimbia, viatu vya mbio miguuni, nyoka mkononi. Tazameni mapaja yale: hakuyapunguza.

5. Osheni brashi kabla ya kuondoka. Nimesema mara ngapi?

Jumanne kila mtu aje na kioo, na picha ya bibi au babu. Ule mrija mkubwa wa nyeupe nimeufungia kabatini. Anayeutaka aje aniambie anaupeleka sehemu gani ya uso.