Masjala Ipangwe Kwanza, Skana Ifuate

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa kahawa, Moshi Vijijini. Chumba chetu cha kumbukumbu kimejaa leja, stakabadhi za kahawa na mihtasari ya vikao, nyingine za tangu miaka ya 1980, na sanduku moja limekwisha kuingiliwa na mchwa. Bodi imeazimia kununua skana, kuwapa kazi vijana wawili wa kujitolea waingize kila karatasi kwenye kompyuta, kisha makaratasi yachomwe ili chumba kipangishwe. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu Katibu, nawapongeza kwa kulishughulikia jambo hili kabla mchwa hawajamaliza kazi yao. Hata hivyo, nawasihi msichome chochote kwa sasa, na skana isinunuliwe kabla masjala yenu haijapangwa. Skana hunakili ukurasa tu. Haijui ukurasa huo ni wa mwanachama gani wala unahusu jambo gani, kwa hiyo majalada yaliyochanganyika yakipitishwa humo, mtakuwa na fujo ileile ndani ya kompyuta, tena kwenye mafaili yenye majina ya namba tupu ambayo hakuna atakayejua ayafungue kwa sababu gani.

Chukulia mjane anayefika ofisini kuulizia hisa za marehemu mumewe na malipo ya pili ya kahawa ya msimu uliopita. Kwenye leja marehemu ameandikwa kwa jina la ubatizo na la ukoo, kwenye stakabadhi kwa jina analoitwa kijijini, na fomu ya mrithi ina dole gumba bila namba ya uanachama. Karani wenu wa siku nyingi anafahamu kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja, lakini ufahamu huo haujaandikwa popote, na siku akistaafu utaondoka naye. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kuketi naye na kuandaa orodha kuu ya wanachama, yenye namba ya kila mmoja, majina yake yote, kijiji chake na mrithi wake, kisha kila waraka uandikwe namba hiyo. Ni kazi ya kuchosha, nami naamini ndiyo itakayoamua kama mfumo wenu utafaa au la. Fedha mlizonazo zingefaa zaidi kumlipa kwa muda mhitimu wa utunzaji wa kumbukumbu, kama wanaofundishwa Chuo cha Utumishi wa Umma, kuliko kununua mashine ya bei kubwa.

Baada ya hapo chagueni tarehe, kwa mfano mwanzo wa msimu ujao, ambayo kuanzia hapo kila waraka mpya utaingizwa kwenye mfumo siku unapopokewa. Kwa nyaraka za zamani, rudini nyuma kwa zile tu zenye kubeba haki za watu na mali ya chama: leja za wanachama na hisa, fomu za warithi, hati za ardhi na majengo, na mihtasari ya mikutano mikuu. Stakabadhi za misimu iliyokwisha kukaguliwa zinaweza kusubiri kwenye masanduku yaliyoandikwa vizuri na kuinuliwa kutoka sakafuni.

Katika kuskani, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi ya kawaida, na faili lihifadhiwe katika muundo wa PDF/A, ambao tangu 2005 umekuwa kiwango cha kimataifa cha nyaraka za kudumu. Kijana mmoja askani, mwingine alinganishe kila ukurasa na karatasi yake kabla haijarudishwa jaladani. Msitegemee programu ya kusoma maandishi kwa leja za mkono zilizofifia. Namba ya uanachama, aina ya waraka na tarehe viandikwe na mtu. Nakala ziwe tatu, mojawapo nje ya jengo la ofisi, na kila baada ya muda mjaribu kufungua mafaili kutoka kwenye nakala ya akiba.

Kuhusu kuchoma, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hairuhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki, lakini mahakama hupima jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa. Penye mgogoro wa mirathi juu ya dole gumba, mtaitamani karatasi yenyewe. Hapo Arusha, katika majengo ya Lakilaki, Umoja wa Mataifa unatunza kumbukumbu za iliyokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, za karatasi na za kidijitali pamoja. Karatasi ziteketezwe tu kwa ratiba iliyopitishwa na bodi, baada ya ukaguzi na ushauri wa Afisa Ushirika.

SWALI: Mimi ni karani wa masjala katika taasisi binafsi Arusha. Mfumo mpya umeanza, nasi sote tunatumia neno la siri moja. Je, ni sawa?

JIBU: Si sawa hata kidogo, dada au kaka yangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaitaka taasisi yenu izilinde taarifa za watu dhidi ya wasiohusika, na kwa neno la siri moja haiwezekani kumjua aliyefungua jalada wala aliyelibadilisha. Kila mtumishi awe na lake, na aone majalada ya kazi yake pekee, kama vile masjala ya siri isivyoingiwa na kila mtu. Mwombe mkuu wako kwa maandishi, ukitaja sheria hiyo, naye aulize pia kama taasisi imekwisha kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.