Boila ya kuni inatoa moshi mweusi

Dada wa Bukavu, unauliza kwa nini boila ya kuni inayopasha vyumba vyako vya wageni inatoa moshi mzito, na bomba linadondosha maji meusi kama lami. Boila haina kosa, kuni zako ni mbichi. Mkaratusi uliokatwa juzi unaweza kuwa nusu maji kwa uzito, na moto unamaliza nguvu kuyakausha kwanza. Zipasue, uzipange chini ya bati, upepo wa ziwa upite kati, miezi 6 au zaidi (mvua zetu unazijua). Gonganisha mbili: zikilia ko! ko!, zimekauka. Lami hiyo ikwanguliwe, inashika moto. Na mbabula (jiko la makaa) chumbani usiku, hapana kabisa: gesi yake ya sumu haina harufu.