Mtoto mwenye selimundu: je, ni mkosi wa ukoo wa mama?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mtoto wetu wa kwanza alifariki akiwa mdogo kwa ugonjwa wa selimundu. Wa pili naye anaumwa huohuo. Alizaliwa mzima kabisa, lakini alipokaribia miezi saba vidole vya mikono na miguu vikavimba, akawa analia ukimgusa, na macho yakageuka manjano. Mama mkwe anasema ukoo wetu una mkosi, dhambi za wazee wangu ndizo zinazotuandama, na wengine wanasema mtoto alipigwa jicho baada ya akika. Mume wangu anashauriwa aniache au aoe mwanamke mwingine "mwenye damu safi". Nilitaka mimi na mume wangu tukapime kabla ya mimba nyingine, lakini ustadhi anayetuswalisha amesema kupima ni kushindana na kadari, akanisomea hadithi ya "hakuna kuambukiza". Je, hii ni adhabu ya Allah? Kupima ni haramu? Na huyu mtoto aliyebaki sasa anakaribia kubaleghe, anataka kufunga Ramadhani yote kama wenzake. Nimruhusu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu mwanao aliyetangulia na amjaalie kuwa ngao yako mbele ya Moto, kama ilivyothibiti kwa Mtume (s.a.w.) kuhusu mama aliyefiwa na watoto wake akasubiri.

Dada yangu, nimelisoma swali lako na limenikera. Waliopaswa kukushika mkono ndio waliokuongezea jeraha, na baadhi yao wamelitumia jina la dini. Kwa hiyo utaniwia radhi nikiwa mkali kwao mahali fulani.

Nianze na hilo la dhambi za wazee. Qur'ani imelimaliza katika Suratun Najm aya ya 38: hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Babu yako akiwa aliiba, hesabu yake anayo yeye kwa Mola wake, haiendi kuvimbisha vidole vya kitukuu. Anayesema Allah anamtesa mtoto asiyejua kusema kwa sababu ya kosa la mtu aliyezikwa kabla yake, amemsingizia Allah dhuluma, na hilo ni kubwa kuliko kukusingizia wewe. Nabii Ayyub (a.s.) aliugua akafiwa na watoto, na Mtume wetu aliwazika watoto wake wote isipokuwa Fatma. Nani atasema hao walikuwa na mkosi?

Sasa tuje kwenye huo ukoo unaolaumiwa. Kila mtu hubeba chembe za urithi jozi jozi, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Selimundu hutokea pale mtoto anapopata chembe yenye hitilafu kutoka pande zote mbili. Akipata kutoka upande mmoja tu, haugui ugonjwa wenyewe. Anakuwa mbebaji, anaishi maisha yake, anazeeka, na huenda asijue kamwe. Wewe na mume wako mna afya na mtoto wenu anaumwa, kwa hiyo kwa kanuni ya ugonjwa huu nyote wawili ni wabebaji. Mume wako naye hakuiokota njiani, aliirithi kwa mama yake au kwa baba yake. Basi mama mkwe akitaka kuutafuta ukoo wenye mkosi, atafute koo mbili, na wa pili ni wa mwanawe mwenyewe.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo, maana Sunna imelisema jambo hili kabla ya maabara. Katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Abu Hurayra, alikuja bedui kwa Mtume (s.a.w.) akasema mke wangu amejifungua mtoto mweusi, akimaanisha kwamba mtoto si wake. Mtume akamuuliza: una ngamia? Ndiyo. Rangi zao? Wekundu. Kuna yeyote wa rangi ya majivu kati yao? Wamo. Hiyo imetoka wapi? Bedui akajibu: huenda ni asili iliyomvuta. Mtume akamwambia: na mwanao huyu huenda asili imemvuta. Tazama mazungumzo hayo yalimlinda nani. Mwanamke yuko nyumbani na kichanga chake, mume amekuja na tuhuma, na Mtume akaitumia hoja ya urithi kuizima tuhuma hiyo. Leo nyinyi mnaichukua hoja hiyohiyo ya urithi mnamtuhumu nayo mwanamke! Mmeigeuza Sunna juu chini.

Kuhusu jicho, sisi hatulikatai. Mtume amesema jicho ni kweli, na kumsomea mtoto ni jambo jema. Ninachokataa ni kuliita jicho kila jambo ambalo hatukujisumbua kulijua. Kwamba alizaliwa mzima kisha akaanza kuugua baada ya miezi kadhaa, hilo lina sababu yake, na ndivyo ugonjwa huu ulivyo kwa watoto wengi. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini (kile kilichomo ndani ya chembe nyekundu za damu kinachobeba hewa ya oksijeni) ya aina ya pekee ambayo hitilafu hii haiigusi. Huzaliwa nayo ikiwa nyingi, kisha mwili huibadilisha kidogo kidogo kwa himoglobini ya mtu mzima, na ile yenye hitilafu ndiyo inayoshika nafasi. Hapo chembe nyekundu za damu huanza kukunjamana mfano wa mundu, zinaziba mishipa midogo, na mara nyingi dalili ya kwanza huwa ndiyo hiyo uliyoieleza, uvimbe wa vidole vya mikono na miguu. Macho kuwa manjano ni kwa sababu chembe hizo huvunjika upesi. Wageni wa akika hawana hatia, muwaombe radhi.

Na kuna jambo ambalo wanaonena habari za "damu safi" hawalijui. Mwaka 1954 mtafiti wa tiba Anthony Allison alionyesha kwamba mtu anayebeba chembe moja tu ya selimundu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana hali hii imeenea zaidi kwa watu ambao mababu zao waliishi penye malaria: wabebaji walinusurika wakazaa, wengi wengine wakafa wadogo. Damu mnayoiita mkosi huenda ndiyo iliyowafikisha wazee wenu utu uzima, nanyi mkapatikana. Lakini kinga hiyo ni ya mbebaji. Mwenye ugonjwa wenyewe malaria humdhuru vibaya sana, kwa hiyo mwanao alale ndani ya chandarua bila kukosa.

Sasa ustadhi. Nasema naye kwa adabu, ila nasema. Hadithi aliyokusomea ni sahihi, lakini ameisoma nusu. Katika mapokezi ya Bukhari, baada ya "hakuna kuambukiza" Mtume akasema: mkimbie mwenye ukoma kama unavyomkimbia simba. Na akakataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa wazima. Wanazuoni wameyaunganisha maneno haya tangu zamani: kinachokanushwa ni itikadi ya zama za ujinga kwamba ugonjwa unajiendesha wenyewe bila idhini ya Allah, na kinachothibitishwa ni kuchukua hadhari. Isitoshe, selimundu haiambukizi hata kidogo. Imeingiaje hadithi ya kuambukiza kwenye ugonjwa wa kurithi? Huku ni kushika dalili iliyo karibu na mkono ili kumnyamazisha mama anayeuliza.

Na kadari, ustadhi, ina watu walioielewa kuliko mimi na wewe. Umar bin Khattab (r.a.) alipofika Sargh njiani kuelekea Sham akaambiwa kuna tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Allah? Umar akajibu: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu. Popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Kisha Abdurrahman bin Awf akaleta hadithi ya Mtume iliyoafiki uamuzi huo, na Umar akamshukuru Allah. Basi kipimo ni katika kadari, majibu yake ni katika kadari, na uamuzi mtakaoufanya baada yake pia ni katika kadari. Wapi hapo mtu ameshindana na Mola wake?

Kwa hiyo hukumu: kupima ni halali. Kwa hali yenu, ambao mmekwisha mzika mtoto mmoja na mnamuuguza wa pili, mimi naliona ni jambo linalopendekezwa sana, kwa ujumla wa kauli ya Allah "wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo" (Al-Baqara 195) na kanuni ya kuondoa madhara. Na kwa vijana ambao bado hawajaoana nasema zaidi: pimeni mapema, kabla ya posa, kabla mioyo haijafungamana. Fatma bint Qays alipomtaka Mtume ushauri kuhusu wachumba wake, Mtume hakumfichia. Alimwambia huyu fukara hana mali, na huyu hatui fimbo begani mwake. Ikiwa ufukara na ukali wa mkono vilistahili kusemwa, jambo litakaloamua uhai wa watoto lisisemwe? Saudi Arabia tangu 2004 imewalazimu raia wake wanaotaka kuoana wapimwe selimundu na thalasemia (ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi), na majibu yakitoka hawakatazwi kuoana. Wanaachiwa waamue wakiwa wanajua.

Lakini muyaelewe majibu vizuri, maana hapa watu wengi hujidanganya. Wabebaji wawili wakizaa, katika kila mimba uwezekano wa mtoto mgonjwa ni asilimia 25, wa mtoto mbebaji asilimia 50, na wa mtoto asiyebeba kitu asilimia 25. Nimesema katika kila mimba. Haina maana kwamba wagonjwa wawili wakishatoka basi wanaofuata wamekwisha salimika. Kila mimba huanza hesabu upya. Mkiamua kuzaa tena mkimtegemea Allah, hamna dhambi. Mkiamua kusitisha kwa njia isiyodhuru, hamna dhambi pia. Jabir amesema maswahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga manii nje ili mimba isitungwe, na Qur'ani inateremka. Na wapo wanazuoni wa zama hizi walioruhusu kuichunguza mbegu iliyotungwa nje ya tumbo kabla ya kupandikizwa, kwa sharti iwe ni ya mume na mke ndani ya ndoa yao, nami nipo pamoja nao. Kutoa mimba ni mlango mwingine, hukuniuliza, siufungui hapa.

Ama wewe mume, naomba mkeo akusomee haya. Mimi siharamishi alichohalalisha Allah, ukitaka kuoa mke wa pili oa. Lakini usioe kwa uongo kwamba unaikimbia damu ya mkeo, maana chembe unayo wewe mwenyewe na utakwenda nayo nyumba ya pili. Ukimpata mbebaji mwenzio, yatakuwa yaleyale. Ukimpata asiyebeba, watoto hawataugua selimundu. Ila utamjuaje bila kile kipimo ulichoambiwa ni haramu? Na kumwacha mwanamke kwa ugonjwa ambao nusu yake imetoka kwako ni jambo la kuulizwa nalo siku ya Kiyama. Nenda naye hospitali, keti kiti cha pembeni yake, sikieni majibu pamoja. Kisha mwambie mama yako kwa sauti ya heshima, lakini iliyo wazi, kwamba hili limetoka kwenu nyote wawili. Kumtii mama ni wajibu, ila si katika kumdhulumu mke.

Limebaki la mtoto, na hili lina faida kwa wengine pia, kwa sababu wapo wanaofanya kosa la upande wa pili. Wanasema ni ya kurithi, imeshaandikwa kwenye damu, hakuna la kufanya. Utamkuta mtu ambaye baba yake alikuwa na kisukari anakula ovyo na kukaa kitako kutwa, akisema nitaugua tu. Huo ni uvivu uliovaa kanzu ya kadari. Aliyorithi mtu ni jambo moja, na yanayomzunguka ni jambo jingine, na mara nyingi afya iko pale mawili hayo yanapokutana. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria: mtoto huzaliwa hawezi kuchakata sehemu fulani ya protini, na akilishwa kama wengine ubongo huharibika. Akigunduliwa siku za mwanzo kwa tone la damu ya kisigino, akawekewa chakula maalumu, hukua na akili timamu. Chembe za urithi hazikubadilika, kilichobadilika ni chakula.

Selimundu nayo ina vichocheo vyake: upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu mwingi, homa na maambukizi. Mtoto yuleyule, mwenye damu ileile, anaweza kupitisha miezi bila maumivu au kulazwa mara kwa mara, kwa kutegemea maji anayokunywa, chanjo alizopata, foliki asidi, na dawa ya haidroksiyurea ikiwa daktari ameiona inamfaa. Kumpa hayo ni ibada. Mtume amesema jitibuni, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Na kwa ugonjwa huu, kupandikizwa uboho kumewaponya baadhi, na mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha chembe za urithi zenyewe.

Basi kuhusu saumu: kabla ya kubaleghe si wajibu kwake, na hadaiwi kulipa wala fidia. Kushinda mchana bila maji ni katika yale yanayoweza kumletea maumivu, kwa hiyo usimwache afunge kwa kushindana na wenzake. Akishabaleghe, muulizeni daktari anayemfuatilia. Akisema kufunga kutamdhuru, hafungi, na kwa kuwa ugonjwa ni wa kudumu atalisha maskini mmoja kwa kila siku. Akisema anaweza siku zisizo na joto kali na zenye mchana mfupi, atalipa katika siku hizo. Akifunga kisha maumivu yakaanza adhuhuri, afungue pale pale, anywe maji, wala asingoje magharibi. Akijiona mnyonge mbele ya wenzake, mkumbushe kwamba aya ileile iliyoamrisha saumu ya Ramadhani ndiyo iliyomtaja mgonjwa na kumruhusu kula, Al-Baqara 185.

Wallahu a'lam.