Seva isiyo na skrini: mbona haiamki stima ikirudi?

Swali: Fundi, habari ya kazi. Nilinunua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 niweke vitabu na karatasi za mitihani iliyopita, wanafunzi wa mtaani wavisome kwa simu kupitia Wi-Fi yangu bila kununua bando. Skrini ya kuichomeka sina. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Mvua ikaja, stima ikapotea mara mbili, na tangu hapo taa nyekundu inawaka lakini kwa laptopu siioni kabisa. Nimeandika upya kadi yake ya kumbukumbu (microSD) nikifuata mwongozo wa zamani, sasa inakataa jina pi na nywila raspberry. Nimekosea wapi? – Mwalimu, Kondele, Kisumu

Jibu: Mwalimu, una matatizo mawili. Tuanze na lile dogo. Tangu Aprili 2022 mfumo wa Raspberry Pi hauji tena na mtumiaji pi, kwa hiyo mwongozo wako umepitwa. Fungua Raspberry Pi Imager, programu ya kuandika kadi, na kabla hujaandika, ingia kwenye mipangilio yake: taja jina la mashine, tuseme seva, mtumiaji, tuseme mwalimu, na nywila yako, Wi-Fi yako, nchi KE, kisha washa SSH, njia ya kuiamuru mashine kutoka kwa laptopu. Nchi usiiruke, bila hiyo redio ya Wi-Fi huweza kubaki imefungwa. Chomeka kadi, ngoja dakika chache, halafu kwenye laptopu andika:

ssh mwalimu@seva.local

Jina likikataa, tazama kwenye rauta mashine imepewa anwani gani ya IP, uitumie hiyo.

Sasa stima, na hapa ndipo penye kazi. Taa nyekundu inakwambia umeme umefika, basi. Ya kutazama ni ile ya kijani: ikichezacheza, kadi inasomwa, ikiwa kimya tangu unapowasha, huenda kadi haisomeki. Nadhani kadi yako iliharibiwa na stima kukatika. Kadi haibadilishi herufi moja moja. Hufuta kipande kizima na kukiandika upya, na stima ikikatika hapo katikati, hata faili ambazo hukuzigusa huenda nazo.

Vitabu vyako havibadiliki kila siku, kwa hiyo dawa ni rahisi. Ukishaviweka vyote, endesha sudo raspi-config, nenda Performance Options, washa Overlay File System. Kuanzia hapo kila kinachoandikwa kinakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, na kupotea mashine ikizimwa, kadi haiguswi. Ukitaka kuongeza kitabu, zima Overlay kwanza, la sivyo kesho hukikuti.

Chaja je? Pi 4 inataka volti 5, ampea 3. Chaja ya simu inaweza kuandikwa hivyo na waya mwembamba ukala volti njiani. Zikishuka chini ya 4.63 taa nyekundu huanza kupepesa. Kujua kama volti zimewahi kushuka, andika vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 ni salama. Yangu iliwahi kunipa 0x50000, yaani volti zimewahi kushuka tangu iwashwe. Nilibadilisha waya tu, chaja ile ile, ikaisha.

Wengi watakushauri ununue diski ya SSD badala ya kadi. Mimi pesa hiyo ningenunulia UPS ndogo ya volti 5, yaani betri inayoendelea kuilisha Pi stima ikipotea, na ningeikagua kabla ya kulipa: chomoa ukutani, rudisha, uone kama Pi imejizima. Pawabenki nyingi hukata umeme kwa sekunde moja zinapoanza kuchajiwa, na sekunde hiyo inatosha.